Mvua Haikungoja Préavis

Niliacha kazi ya kiwandani Likasi asubuhi ya mvua ya kwanza, préavis yangu, ule mwezi wa kuaga, ikiwa haijafika hata nusu. Sheria ilijulikana: ukiaga, unamaliza mwezi, ndipo upewe posho ya mwisho, ule mfuko wa unga uliotulea tangu enzi za baba zetu. Ukikatisha, mfuko unabaki ghalani. Miaka ile ya tisini mshahara ulishakuwa hadithi, lakini unga bado ulikuja, ukipenda.

Mimi na bibi niliyemwoa tulikuwa na kipande cha shamba nje ya mtaa wa Kikula, na mbegu za mahindi tulizojinyima kuzila. Zisipowahi mvua za mwanzo, mwaka umekwenda.

Chefu wangu, mkubwa wetu wa kazi, alinitumbulia macho. "Weye, uko na kichwa muzuri? Posho utaikosa!"

"Chef, mvula haiko nangoya préavis."

Nikaweka kofia ya kazi mezani kwake. Nilikuwa na hasira na woga, na woga ndio uliozidi.

Shambani bibi yangu alichimba mashimo, mimi nikafuata nikidondosha mbegu. Saa sita king'ora cha kiwanda kikalia, nami nikaketi chini palepale kwenye tope, kama nilivyoketi tangu ujana, kungoja chakula. Bibi yangu akaegemea jembe, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge.

"Tata, baba weye, ile sirène si yetu tena. Lamuka, simama tupande."

Niliona haya, kisha nikacheka naye. Sikuwa nimecheka hivyo siku nyingi.

Posho ya mwezi ule ilitoka, bwana, tena mfuko mzima! Majirani walisonga bukari, ule ugali wetu, harufu ikatuingilia dirishani, sisi tukitafuna majani ya matembele. Nilijiona mjinga kabisa. Lakini mahindi yaliota, yakanipita kimo, na mvua zilipokoma yakakauka vizuri.

Jumamosi moja tukivuna, chefu akatokea na mfuko mtupu wa posho kwapani. Kwa miezi kadhaa unga haukuwa umetoka tena. Hakuomba chakula. Aliomba mbegu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kiwandani.

Nilikuwa namchagulia mahindi yenye punje nene king'ora kilipolia. Akaketi chini palepale.

Bibi yangu alinitazama, akakaza midomo asicheke, kisha akaenda kumpa mkono ainuke.

"Lamuka, tata," akamwambia. "Kuya tuvune."