Mkwe wangu na mawakala wa riwaya

Leo mkwe wangu Salma kakataliwa mbele ya macho yangu, nikatamani kumpiga mtu nisiyemjua.

Mke huyu wa mwanangu kaandika riwaya, yake ya kwanza, na anatafuta wakala wa kuipeleka kwa wachapishaji.

Tulikuwa tunakunywa chai, hapa hapa Al Qusais, huku ughaibuni, jibu likaingia kwenye simu. Wakala kaikataa. Wala si wa kwanza.

"Mtukane kwa Kiunguja," nikamwambia, "atafute mwenyewe wa kumfasiria."

"Baba, wacha. Huyu angalau kaisoma."

Akamwandikia ahsante. Chai yake haijapoa, riwaya keshaituma kwa wakala mwingine.

Mimi nilikataliwa posa mara moja tu, nikahama nchi.

Haya semeni, mwanamme nani katika nyumba hii?