Mashine ya Bure ya Mtaa wa Grant

Mimi Séphora nakaa juu, Mama Mizero anakaa chini, nyumba moja ya mbao huku upande wa magharibi wa mji wa Buffalo, Marekani. Jina lake ni Nyirangabo, ila sisi tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kazi yake ni kukunja mashuka ya hospitali kiwandani. Kusoma hajui, lakini mashine za pesa, bon, anazijua kuliko wanaume wote wa kanisa letu.

Alizichunguza mwenyewe. Mshahara unaingia kwenye kadi, naye kila Ijumaa anatoa dola ishirini tu, kwa sababu pesa ikilala nyumbani watu wa ukoo wanainusa hata kutoka mji wa mbali wa Louisville. Akagundua kwamba mashine ya dukani inauliza swali kabla ya kutoa pesa, na ile ya banki, mtaa wa Grant, haiulizi kitu.

"Séphora, hii inaniuliza nini?"

Nikamsomea: unakubali ikukate dola tatu?

"Yesu wangu! Kumbe inaomba ruhusa ya kuniibia, na mimi naiitikia tu!"

Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Toka siku hiyo hakurudi dukani.

Basi, mwaka 2015, tangazo likabandikwa: banki inataka kuondoa mashine yake ya Grant. Mama Mizero hakucheka tena. Dola tatu ni galoni ya maziwa, na mtu wa milima ya Minembwe, kule Kongo kwa wafugaji wa ng'ombe, ukimnyima maziwa umembakizia nini?

Banki ikaita watu wa mtaa kwenye mkutano. Kwa sisi wa Kiswahili walileta mkalimani wa simu, donc sauti tu kwenye kisanduku juu ya meza. Mama Mizero akasimama, kitenge begani, akasema kwa nguvu: "Hii mashine ni ya bure! Ya bure kabisa! Ndiyo maana tumekuja!"

Kisanduku kikatafsiri kwa Kiingereza: mama anasema mashine hii haifai kitu, haifai kabisa.

Bibi mmoja, mkubwa wa banki aliyeongoza mkutano, akaitikia kwa kichwa, akaandika. "Asante," akasema, "hata sisi tumeona hivyo."

Weee! Niliruka kutoka kwenye kiti. "Hapana! Ni bure ya kutolipa, siyo bure ya kutofaa!"

"Dada," kisanduku kikajibu, "bure ni bure."

"Bure gani? Wewe uko wapi huko, unakunywa chai? Futa hiyo!"

Ukumbi mzima ukatutazama tukigombana, mimi na kisanduku. Bibi wa banki akaweka kalamu chini. Akataka kujua neno moja linabebaje maana mbili hizo, nikamweleza. Akamgeukia Mama Mizero mwenyewe: mashine ikiondoka, wewe utapoteza nini? Nikatafsiri mimi.

"Maziwa," Mama Mizero akasema. "Galoni moja kila wiki. Na siko peke yangu. Muambie kila anayetumia mashine hii asimame, nao wahesabiwe."

Nikamwambia. Wakasimama Wakongo, wakasimama Waburma, wakasimama wazee wa Puerto Rico na fimbo zao. Viti vilivyobaki na watu vilikuwa vya banki tu.

Wiki tatu baadaye barua ikaja: mashine inabaki. Nilimsomea kwenye ngazi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, nikaanza kukasirika kidogo.

"Mama Mizero, si umesikia? Inabaki!"

"Nimesikia. Soma pale wanaposema wamesikiliza watu wa mtaa." Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Kambini kwa wakimbizi nilikaa miaka kumi na minne, Séphora. Waliniuliza maswali mpaka nikachoka. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza, halafu anafanya nilichosema."

Nikamsomea tena, polepole.