Hii Ndege Yangu

Nilikosea neno moja kwenye foleni ya bomba, na kabla ya mchana nusu ya mtaa ilikuwa imekuja kugawana vitu vyangu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa Kinyarwanda anayeshona nguo, aliniuliza kwa nini nacheka peke yangu tangu asubuhi. Nikamjibu, "Mama, nimepata ndege." Ni hayo tu. Wenye masomo makubwa wataniambia Kiswahili kina dawa ya hilo: yenye injini ni ndege hii, mwenye manyoya ni ndege huyu. Mimi niliishia sekondari, na Kiswahili tulichotoka nacho Bukavu hakina muda huo. Kwetu mtu iko, mbuzi iko, kiti iko, na ndege zote ni hii. Wamalawi walituzidi akili. Kwao ndege ni ile ya chuma, ya manyoya ni mbalame, na hakuna anayepigiwa vigelegele bure.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, mtu akipata ndege, maana yake amepata nchi ya kumpokea, na vitu vyake vinabaki kwa majirani.

"Iliingia lini?" akaniuliza, ndoo imefurika na yeye haioni.

"Jana jioni. Hata bibi yangu ya ndoa hajaiona, iko ku kanisa tangu juzi, kwa semina ya bamama."

Akapiga kelele kwa Kinyarwanda. Foleni nzima ikapokea kwa vigelegele. Nami, mjinga wa kusomea, nikawaza: kumbe watu hawa wanapenda hivi viumbe vya Mungu!

Nilipofika nyumbani mtu mmoja wa foleni alikuwa amekaa juu ya godoro langu akilijaribu. Mwingine alikuwa akipima meza kwa mkono. Jirani yangu alisimama nje akigonga mabati kwa kidole. "Hii mabati mutu asiguse," alitangaza. "Mi njo nitabaki nayo." Alikuwa na haki. Miaka mingi maji ya paa langu humwagikia kwenye cherehani yake, na kila masika nilimjibu vilevile: "Nikipata ndege, nyumba yote itakuwa yako. Nitengeneze ya nini?"

Ndipo mke wangu akaingia mbio, viatu mkononi. Habari ilimkuta njiani. Hakusalimia mtu. Alipiga magoti, akavuta bahasha ya makaratasi yetu chini ya kitanda, akaanza kuyapanga moja moja.

"Tunaenda siku gani?"

Nikanyoosha kidole kuelekea katoni ya viatu mezani, yenye matundu niliyotoboa kwa msumari. Ndani ya katoni kitu kikasema chii.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mzee mmoja alinishauri niipike: haitashibisha mtu, alisema, lakini aibu itaisha. Mke wangu hakucheka wala hakulia. Alirudisha makaratasi kwenye bahasha, akayanyoosha pembe, akasema polepole, "Kesho hii kitu itoke. Isipotoka, mi njo nitatoka."

Niseme niliipata wapi. Mimi si mtembezi; kwangu kufika bombani ni safari. Lakini uzi wa jirani yangu uliisha, naye akanituma Old Town, sehemu ya zamani ya mji, kwa sababu, alisema, mimi ndiye mtu wa pekee anayemjua asiye na kazi. Pembeni ya duka la uzi kuna duka la chakula cha kuku. Nikaingia kukwepa jua. Nyuma ya magunia nikaona minyororo ya mbwa, samaki ndani ya chupa, na vizimba vya ndege wadogo wa kijani. Mwenye duka, mzee wa asili ya Kihindi, alinisimulia habari zake, tukielewana kwa Kichewa changu kibovu na Kiingereza chake kizuri. Babu yake aliuza majembe, na chakula cha kuku kilikaa kwenye rafu moja tu. Baadaye mji ukawa makao makuu, ofisi zikajengwa kule Capital Hill, wageni wakaja na paka na kasuku, wakaanza kuulizia mbegu. Rafu ikawa ukuta, ukuta ukawa duka. "Mikataba yao ikiisha wanapanda ndege," alisema, "na ndege wanatuachia sisi."

Huyu wangu aliachwa hivyo. Bawa moja limepinda, hakuna mnunuzi aliyemtaka. Akanipa bure, na mbegu kidogo kwenye karatasi.

Ningeweza kukataa. Lakini nilimkumbuka baba yangu kule Bukavu. Njiwa wake walilala kwenye sanduku la sabuni na kula mahindi yaliyoruka nje ya kinu. Hatukujua kama kuna duka duniani linalouza chakula cha ndege. Siku tulipokimbia alifungua mlango wa sanduku, basi. Nami sikugeuka kutazama.

Kesho yake asubuhi, siku ya kutimuliwa, ndege hakula. Mbegu zilikuwa zimekanyagwa na waliokuja kupima meza. Nilimpa nsima, ugali wa huku, akaipa mgongo. Nilimpa mchele, akautupa. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kabaza inangoja," akasema. "Irudishe."

Nikabeba katoni hadi kizingitini. Yule wa kabaza alishageuza baiskeli yake ya kubeba abiria. Na mimi, mtu ninayeombaga ruhusa hata ya kukohoa, nikaweka katoni chini.

"Hairudi," nikasema. "Iliachwa na mutu mwenye kupanda ndege. Ikitoka hapa, inaachwa mara ya pili. Mi sipandi. Wakiniita, nitaenda. Wasiponiita, niko hapa, na nimechoka kuishi kama mutu ameketi juu ya valizi ya safari. Godoro ni langu. Meza ni yangu. Hii ndege ni yangu. Itakula hapa."

Mke wangu alinitazama kama anavyotazama nyanya za sokoni Tsoka, akitafuta iliyooza chini. "Na mi?" akauliza. "We umechoka kungoja. Mi uliniuliza?"

Katoni ilikuwa katikati yetu, wa kabaza akijifanya hasikii.

Mke wangu akaingia jikoni. Nilisikia mfuniko wa bati ukifunguka, ule wa kopo la ulezi wa uji. Akarudi na konzi moja, akachutama, akafungua katoni, akamwaga punje chache kiganjani. "Mujinga," akamwambia ndege, si mimi. "Hata kula haijui kuomba." Ndege akapanda juu ya kidole chake kwa upande wa bawa zima, akaanza kudonoa. Punje baada ya punje, maganda yakaanguka juu ya sketi yake ya kanisani, naye hakuyapangusa.

Nikamwambia wa kabaza zikomo, yaani asante, aende.

Jirani yangu alikuwa ameyatazama yote kutoka mlangoni kwake, sindano mdomoni. Akaitoa.

"Sawa, papa. Vile hauendi popote, panda leo utengeneze ile paa, maji yako inaozesha mashini yangu."