Kisasi Kilichotoka Kaskazini Kikafika Maungu

Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya shamba moja la mkonge nje ya Voi, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu kwenye ndoa, bado hatujajaliwa mtoto. Kiingereza chake kilitosha kusoma majina ya spea tu. Kwa hiyo, Jumamosi moja katika miaka ya sabini alipopata habari kwamba kuna sinema mjini mchana, aliniambia, "Twende, Mwalimu. Utakuwa unanitafsiria."

Lazima kwanza niseme habari za kaka yake. Miaka miwili kabla ya siku hiyo, kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, aligombana na mtu kwenye foleni ya maji huko Maungu. Yule mtu akampiga kichwani kwa mpini wa jembe, na siku ya tatu kaka akafia hospitalini. Kesi ilipofika kortini mashahidi wakapingana, huyu anasema hivi, yule vile, na mshtakiwa akaachiliwa. Akarudi palepale Maungu kwenye kibanda chake cha kuziba pancha, kando ya barabara kuu. Kila mume wangu alipopanda basi kwenda Mombasa kuchukua spea, alimwona kupitia dirishani. Nyumbani hakulitaja jambo hilo hata siku moja, nami nilidhani limekwisha.

Ukumbini walikuwa wamefunika madirisha kwa magunia ili kuwe giza, na joto lilikuwa la kupikia mkate. Sinema yenyewe ilikuwa ya watu wa kale wa nchi za baridi za kaskazini, wenye ndevu za manjano na mashua zenye vichwa vya nyoka. Mtu mmoja akauawa karamuni na jirani yake. Mdogo wake akamwosha damu, akamlaza ndani ya mashua, akaiwasha moto na kuisukuma majini.

Nilikuwa nikimnong'oneza mume wangu sikioni. Nilimweleza kwamba watu hao walikuwa na mungu mkuu mwenye jicho moja, na kunguru wawili waliozunguka dunia nzima na kumletea habari. Kwamba walikuwako wanawake watatu waliosokota nyuzi, na kila uzi ulikuwa uhai wa mtu. Hadi hapo nilitafsiri vizuri, kama nilivyofundishwa.

Kisha yule mdogo mtu akapanda mlimani kwa mwaguzi, bibi kizee kipofu. Yule bibi akasema kwamba kaka asiyelipiziwa kisasi hukaa nje ya mlango wa wafu, kwenye baridi, akiita jina la ndugu yake.

Nilimtazama mume wangu. Hakuwa anapepesa macho. Mikono yake ilikuwa imeshika kiti cha mbele.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema anayelipiza kisasi atapotea," nikajibu.

Sijui kama aliniamini. Picha zenyewe zilinisuta, kwa sababu yule kijana alishuka mlimani akinoa shoka. Akamvizia adui yake zizini, akamuua, naye akauawa na watu wa yule adui. Watu ukumbini wakapiga makofi na miluzi. Halafu wakaja wanawake juu ya farasi, wakambeba hadi kwenye jumba la mashujaa waliokufa vitani, na huko kaka yake akampokea kwa pembe iliyojaa pombe. Walikuwa wakicheka wote wawili.

Mume wangu alikuwa analia. Hakulia siku ya mazishi, lakini pale alilia hadi shati likalowa. Ndipo hofu ilipoanza kuniingia. Kijana wa sinema amekufa, na mume wangu anamwonea wivu.

Jumapili aliacha kwenda kanisani. Jumatatu alirudi kutoka kazini na tupa, ile ya kunolea vyuma, akakaa nyuma ya nyumba na panga letu la kukatia nyasi. Alilinoa mpaka nilipoona anajaribu makali yake kwa nywele za mkono. Jumatano nikaliona limeviringishwa kwenye gunia chini ya kitanda.

"Hilo panga la nini?" nikamuuliza.

"Jumamosi nina kazi Maungu."

"Kazi gani?"

"Kazi, Mwalimu."

Alilitamka neno hilo bila hasira, kama mtu anayesema anaenda kunyoa. Nilifikiri kwenda polisi, nikaona nitakuwa nimemfunga mwenyewe. Nilifikiri kumwandikia mama mkwe wangu kule milimani Wundanyi, lakini barua ingechelewa. Sikupata usingizi. Nilisikia akipumua kando yangu, nami sikuthubutu kugeuka.

Ijumaa nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikasema naumwa, na haukuwa uongo mtupu. Nikapanda basi hadi Maungu. Yule mtu nilimkuta ameinama juu ya tairi la lori, akilipiga kwa nyundo. Nilimtambua kwa sababu niliwahi kumwona kortini. Naye alinitambua, akasimama na nyundo mkononi. Tukawa tunaogopana.

"Kesho mume wangu anakuja," nikasema. "Usiwepo."

Akauliza, "Anakuja kuzungumza?"

"Haji kuzungumza."

Akaweka nyundo chini polepole. Nyuma ya kibanda niliona mwanamke anachambua mboga, tumbo lake kubwa, hakunyanyua uso.

"Dada, mimi sikutaka kumuua," akasema. "Nilitaka aondoke kwenye foleni."

"Sikuja kusikiliza hayo. Wala sikuja kwa ajili yako."

"Basi kwa ajili ya nani?"

Basi la kurudi Voi lilikuwa linapiga honi, nikalikimbilia.

Siku ya pili mume wangu alitoka asubuhi na gunia lake. Sikumzuia. Nilikaa jikoni nikichagua mchele uleule mara tatu. Je, kama yule mtu hakuondoka? Na kama ameondoka lakini akasema nani kamwonya? Kila hatua nje nilidhani ni askari.

Alirudi jua likikaribia kuzama. Akatupa gunia pembeni.

"Kibanda kimefungwa," akasema. "Majirani wanasema amehamia upande wa Mata, karibu na mpaka. Amehama jana jioni, na mkewe na vyombo vyote." Akanitazama. "Mtu amemwambia."

Nilimpakulia chakula. Mwiko uliniponyoka ukagonga sufuria, naye alisikia.

"Yule bibi kizee wa mlimani," akasema, "hakusema ulivyosema."

"La."

"Alisema nini?"

Nikamwambia ukweli, neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Na nini kingine ulichonificha, Mwalimu?"

Nilijua anaweza kunipiga. Nilijua pia kwamba nikidanganya mara ya pili sitakuwa na mume tena, hata tukiendelea kukaa nyumba moja. Nikamwambia habari ya Ijumaa. Hakunipiga. Aliinuka, akavaa koti, akaenda kwa mama yake, na kwa wiki tano sikumwona. Nilikuwa nafunga mlango kwa komeo na kuuzuia kwa meza, nikimwogopa mtu niliyekuwa nikimlilia.

Aliporudi alikuja na mama yake, mama wa kanisa, shali begani. Mama mkwe aliomba maji kwenye kikombe. Akatuketisha pamoja, akajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu yetu kama manyunyu, kama Wadawida, wenyeji wa milima ile, walivyofanya tangu zamani kutoa hasira moyoni. Akasema kwa Kidawida kwamba amemzika mtoto mmoja na hataki kumzika wa pili, na kwamba mimi nimemsaidia. Kisha akasali Baba Yetu.

Mume wangu alijifuta uso. Hakunishukuru siku hiyo wala baadaye, na hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kuna chai. Mimi hofu haikunitoka mara moja; panga nililipeleka kwa jirani, na kwa mwaka mzima nyasi zetu zilikatwa kwa mundu.