Majina Chini ya Ngoma

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mitambo wa redio yetu ndogo hapa Songea hakunionyesha hata kiti. Alinipa kitambaa na spiriti nifute vichwa vya mashine ya tepu, vile vyuma vidogo vinavyosoma sauti. "Vumbi likikaa hapo, binti, msomaji wa habari anasikika kama ana mafua," akasema. Nilifuta wiki nzima. Ninyi mnaobonyeza simu na kujiita maprodyuza mngeacha kazi siku ya pili.

Tepu zilipoanza kuota ukungu kwa mvua za huku, tukahamishia sauti kwenye kompyuta, na diski zikajaa upesi. Ikabidi tubane. Kuna kubana kwa kutupa: programu inaamua kwamba sauti ndogo iliyo chini ya sauti kubwa sikio halitaisikia, basi inaifuta. MP3 ndivyo inavyofanya. Na kuna kubana bila kupoteza: unakunja kanga iingie sandukuni, ukiikunjua ni ileile. Mkuu wa Mitambo alitaka hiyo ya pili tu, na mimi pia.

Mtandaoni nikakuta watu wa nchi mbalimbali wanaunda fomati ya namna hiyo, ya msimbo wazi, yaani kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bure. Nikajiunga. Ndani ya kompyuta sauti ni mfululizo wa namba; programu inakisia namba inayofuata kwa kutazama zilizotangulia, kisha inaandika tofauti tu kati ya makisio na ukweli. Tofauti ikiwa ndogo, faili linakuwa dogo. Njuga za miguuni zilitusumbua mno, maana mlio wake hauwezi kukisiwa. Miaka yangu mizuri iliishia hapo, na mume wangu akinitania kila jioni, "Haya, rafiki zako wa kwenye kompyuta hawajambo?"

Njuga zenyewe nilizirekodi kijijini Maposeni, kwa kikundi cha ngoma ya lizombe cha Bibi Anastazia. Kikundi kile kilikuwa na desturi yake. Ngoma ikifika katikati, waimbaji hunyamaza, wapigaji hupiga kwa nguvu, na kiongozi peke yake hutaja kwa sauti ya chini majina ya kina mama waliocheza kabla yao na sasa ni marehemu. Nje ya ngoma ilikuwa mwiko kuyataja. Kiongozi humrithisha kiongozi, na Bibi Anastazia hakuwa na wa kumrithisha, mabinti wote wamekimbilia mjini. Ndiyo maana alikubali nimwekee kipaza sauti karibu na kifua.

"Atakayekaa mahali pangu atayasikia humo?" akaniuliza.

"Atayasikia, bibi. Yote."

"Yote kabisa?"

"Kabisa."

Akafariki akiwa na neno langu hilo. Mkuu wa Mitambo akastaafu, akaja Meneja wa Vipindi, kijana mwenye haraka. Nilipokwenda Madaba kumzika kaka yangu, yeye akakuta diski imejaa. Akageuza maktaba nzima kuwa MP3 za kiwango cha chini kabisa, akafuta za awali. Na nakala za akiba akafuta, eti ni marudio. Nilirudi kutoka msibani nikamkuta anatabasamu.

"Mama, nimekusafishia nyumba."

Nilipiga kelele mpaka mtangazaji akatoka studio. Kumbe nilimtia hofu, maana baada ya siku chache akaniita tena.

"Usihuzunike, mama. Nimezirudisha zote kwenye ile fomati yenu. Tazama, hata ukubwa umerudi."

Jamani! Alikuwa amechukua vipande vya kanga iliyokwisha kukatwa, akavikunja vizuri ndani ya sanduku langu. Fomati yetu ina alama ya uhakiki, inayopima kama kinachotoka ndicho kilichoingizwa. Nikapima faili la Maposeni. Programu ikajibu: sahihi. Ilikuwa kweli, ukiiingizia takataka, inakutunzia takataka bila kupoteza hata chembe. Nikapanda kwa Mkurugenzi kueleza. Alinisikiliza akichezea kalamu.

"Mashine uliyoitengeneza mwenyewe inasema sahihi," akasema. "Sasa mama, unataka nimwamini nani?"

Nililia ofisini kwake, mtu mzima mimi. Yule Meneja akapandishwa cheo. Kwenye sherehe ya kuniaga ndiye aliyesimama kusifu maktaba yetu isiyopoteza kitu, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapokea ua la plastiki. Sijamsamehe. Padri ananiambia nisamehe, namwitikia, nikifika nyumbani naanza upya.

Fomati yenyewe inaendelea vizuri, inatumika huko mbali na watu wasiojua Songea iko wapi. Nilidhani nitazeeka nikijivunia.

Majuzi wamekuja wasichana wa Maposeni na wapigaji wao, mbele yao mjukuu wa Bibi Anastazia. "Shikamoo, mama," wakaniamkia wakipiga magoti. Wameamua kufufua kikundi, na redio imewapa rekodi yangu wajifunzie. Wakanichezea hapo uani, vizuri jamani, hata jirani akatoka. Walipofika katikati, wapigaji wakapiga kwa nguvu, na wale wasichana wakasimama tu, mikono pembeni, wakingoja ipite.

"Mama, hapa kwenye rekodi ngoma inalia peke yake muda mrefu," mjukuu akaniuliza. "Sisi tunatakiwa kufanya nini?"

"Hapo palikuwa na majina," nikamwambia. "Bibi yako alikuwa anayataja."

Akatoa simu aandike. "Majina gani, mama?"

Mimi Mmatengo, Kingoni chao cha zamani sikukijua, na siku ile masikio yangu yalikuwa yanatafuta mikwaruzo ya kipaza sauti. Wasichana wote wakasogea karibu kunisikiliza. Sikuwa na jina hata moja.