Jirani Aleta Chumvi

Byamungu ndiye aliyetafsiri sinema kwa kipaza sauti katika kibanda cha video pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi. Mchana mmoja, katika sinema ya zamani ya polisi wa mjini, mlango ukagongwa kwenye skrini. Mama Nathalie, ambaye mumewe alichukuliwa kule Fizi, Kongo, baada ya mlango kugongwa vivyo hivyo, akainuka akitaka kukimbia.

Byamungu alijua anayegonga ni muuaji.

"Ni jirani," akasema haraka. "Analeta chumvi."

"Jirani gani anabeba bunduki, weye muongo?" watu wakazomea.

"Ni ya kuwinda! Ikala kwa kiti, mama, hakuna mubaya."

Akazima sauti, akaiziba televisheni kwa mgongo wake. Watu wakapiga kelele. Yeye akasimulia habari za chumvi mpaka Mama Nathalie akaketi.