Upepo wa Ng'ambo ya Ziwa

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani. Naiandika kwa ajili yenu mnaosimama mwaloni na simu mkononi, mnasoma upepo na mawimbi, kisha mnasukuma mtumbwi bila kuuliza mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Tlawi, juu kwenye baridi. Shule niliishia darasa la tatu. Mwalimu alinichoka na mimi nikamchoka. Siombi radhi kwa hilo. Nilishuka Hanang na panga na blanketi moja, nikajifunza kuvua katika ziwa la Basotu, nikaunga mbao za mtumbwi wangu kwa mikono hii. Mwaka wa pili tu nilijiona nalijua ziwa kuliko waliozaliwa kando yake. Usicheke. Na wewe una jambo unalojiona hivyo.

Nilikuwa nimemposa Yustina, binti wa ng'ambo, upande wa magharibi. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama yake, na mama huyo alikuwa hajalitoa. Kila nikienda alinipa maziwa, akaniuliza hali ya wazazi wangu, basi.

Jumapili hiyo mama na binti walikuja kusali upande wetu. Baada ya misa niliwafuata.

"Shikamoo mama. Leo msitembee, nitawavusha."

"Marahaba, mwanangu." Akaangalia maji muda mrefu. "Leo hapana. Ng'ambo kumechafuka."

Nikafanya tunachofanya Tlawi tukitaka kupepeta maharage. Niliokota vumbi, nikaliinua usawa wa uso, nikaliachia. Likashuka wima mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu.

"Mama, hakuna upepo hata wa kuzima kiberiti."

"Hapo uliposimama hakuna," akasema. "Mimi nina miguu." Akajifunga shuka lake, akashika njia ya kuzunguka ziwa. Yustina alibaki kwenye mazoezi ya kwaya, akaagizwa afuate kwa miguu pamoja na wenzake.

Kwaya ilipoisha nikamwambia, "Panda. Mama akifika atakuta chai imeiva."

"Na tukizama?"

"Tukizama niite mjinga."

"Nitakuitaje nikiwa na ziwa zima tumboni?" Akacheka, akapanda. Hilo ndilo linaloniuma: alipanda kwa sababu aliniamini mimi kuliko mama yake.

Sasa nikueleze kilichonidanganya. Mwalo wetu uko mashariki, chini ya ukingo mrefu, na upepo wa mchana hutoka mashariki huko huko, mlimani. Unapita juu ya kichwa chako bila kukugusa, unashukia katikati ya ziwa, na kuanzia hapo unasukuma maji kwenda magharibi. Wimbi linakua kadiri linavyosafiri. Ukiwa kwetu unaona migongo yake tu ikienda zake, unadhani maji yamelala. Kwenye kiwanja cha kupepetea, upepo wako ni ule ulio miguuni, maana maharage yanaanguka hapo hapo. Majini, upepo wako ni ule wa mahali unakokwenda. Nilipima ziwa kama mtu wa maharage.

Tulipokaribia katikati, shati likaanza kunipiga mgongoni. Mtumbwi ukakimbia wenyewe, na mimi mpumbavu nikafurahi. Kisha wimbi la kwanza likaingia kwa nyuma. Yustina akavua kiatu chake cha kanisani, akaanza kuchota maji na kuyamwaga nje. Kugeuka nisingeweza, mawimbi yangetupiga ubavuni, tungepinduka. Mbele yetu ulikuwa mwalo wa kwao, mawe matupu, na juu ya mawe yale maji yalipasuka meupe. Kuogelea nilikuwa sijui. Yeye naye hakujua.

"Mama yangu yule pale," Yustina akasema.

Kushoto mwa mwalo, ufukweni, mwanamke alikuwa amevua shuka lake analipunga. Kisha akaelekeza mkono kwenye matete.

"Kwenye matete kuna viboko," nikasema.

"Ametembea ufukwe wote huo. Kama wapo, ameshawaona. Kata kushoto."

"Lakini Yustina..."

"Umeshaongea sana leo. Kata kushoto."

Nikakata, kidogo kidogo, nikivizia nafasi kati ya wimbi na wimbi. Tulipoingia, matete yalimeza nguvu yote ya mawimbi. Maji yakabaki kutubembeza tu, na mtumbwi ukakwama kwenye tope. Nilikumbatia matete kwa mikono miwili, sikuyaachia mpaka Yustina aliponiambia tumefika. Nikacheka, nikalia kidogo. Sioni aibu kusema. Hewa siku ile ilikuwa na utamu ambao sijauonja tena.

Mama aliingia topeni mpaka magotini. Akampapasa binti yake kichwa, mabega, mikono, kama anayekagua ndama aliyezaliwa sasa hivi. Halafu akanigeukia. Nilijua posa imekwisha.

"Ule mstari mweusi katikati ya ziwa hukuuona?"

"Niliuona mama. Nilidhani ni kivuli cha wingu."

"Ni upepo ule, unakwaruza maji. Ungeuliza ungeambiwa." Akakamua pindo la shuka. "Kama ungeng'ang'ania mawe, ningezika wawili. Lakini ulipoonyeshwa, uligeuka. Wa namna hiyo naweza kumfundisha. Twende mkaote moto. Na mtumbwi utauacha hapa, utarudi kwenu kwa miguu."

Nilirudi kwa miguu, nimelowa, na mchumba nimepewa. Njia nzima nilikuwa nikiimba.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Simu yako siidharau. Hata mimi wajukuu hunisomea. Inaona upepo unaokuja kabla jicho langu halijaona kitu. Ikisema kubaya, baki, kausha samaki, shona nyavu. Ikisema kuzuri, bado usiondoke. Mpigie mtu wa ng'ambo, umuulize mawimbi yanapasukia wapi sasa hivi, maana yeye ndiye anayeyaona usoni. Vaa jaketi la kujiokolea hata kama wenzako wanakucheka. Na ukishakosea, maana utakosea, usione haya kumfuata anayekuonyesha njia, awe mwanamke, awe mdogo kwako. Mimi nimejenga, nimesomesha, nina mitumbwi mitatu, na vyote hivyo vimetokana na kugeuza kasia mara moja nilipoambiwa.

Mungu akupe watu wenye macho katika kila ufukwe utakaoufikia, akupe na moyo wa kuwauliza ukiwa bado nchi kavu. Uende salama, na wanaokungoja wakupokee ukiwa mzima.